Kibuyu cha Bibi na Klorini ya Baba

Baba yangu alikuwa bwana afya wa manispaa, na vita yake na vijidudu haikuwa na likizo. Kazini alikagua migahawa na machinjio. Akirudi nyumbani Igogo alitukagua sisi. Kucha, masikio, mtungi wa maji, kata ya kuchotea, mfuniko wa choo. Maji ya kunywa tuliyachemsha, tukayaacha yapoe, tukayachuja kwa kitambaa cheupe, na misimu ile kipindupindu kilipokuwa kinapita mjini aliyatia na klorini juu yake, mpaka chai yetu ikanuka wodi. Ziwani, ambako wenzetu waliogelea mchana kutwa, sisi tulienda kutazama tu, maana baba alisema majini kuna kichocho. Nimekulia kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika na mpaka leo siwezi kuogelea hata kwa kulazimishwa.

Tulimcheka, lakini kwa adabu, na wala sina ugomvi naye. Kipindupindu kilibisha hodi nyumba nyingi mtaani kwetu. Kwetu hakikuingia.

Baba ni Mhaya wa Bukoba, Mlutheri, mtu wa ndizi na kahawa na mashati yaliyonyooshwa pasi hata ukosi wa ndani. Mama ni Msukuma wa Misungwi, binti wa wafugaji. Babu alipofariki na ng'ombe wakagawanywa kwa wajomba, bibi mzaa mama akabaki peke yake, na baba ndiye aliyesema aje kwetu. Majirani walishangaa, maana mkwe na mama mkwe kukaa ua mmoja si jambo la kawaida. Baba akamjengea chumba cha uani chenye mlango wake mwenyewe, akaweka pazia zito la kitenge, na maisha ya kuheshimiana yakaanza.

Msomaji ambaye hajaishi na heshima ya ukwe hawezi kujua jinsi ilivyokuwa inachekesha. Baba hakuingia uani bila kukohoa kwanza. Bibi akisikia kikohozi, alijifunika khanga na kugeuka upande wa ukuta. Hawakula pamoja, hawakutazamana, na hawakusemezana ana kwa ana. Mazungumzo yao yote yalipitia kwangu, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nyumbani nikisubiri matokeo. "Muulize baba yako kama mvua imefika Bukoba," bibi aliniambia, huku baba amekaa kwenye kigoda upande wa pili wa pazia, anasikia kila neno. "Mwambie bibi yako imefika," baba alijibu. Mimi sikufungua hata mdomo. Kazi yangu ilikuwa kusimama katikati tu kama nguzo ya goli.

Bibi alikuja na sanduku moja, kigoda chake, na kibuyu. Hicho kibuyu ndicho chenye habari hii.

Kilikuwa kibuyu cha maziwa, cheusi kwa miaka mingi ya kushikwa, na kilikuwa na harufu iliyokuwa chachu na tamu kwa pamoja. Alipewa alipoolewa. Hakikuwahi kuoshwa kwa sabuni. Ukimaliza maziwa, unatia maji ya moto kidogo, unatikisa, unamwaga, lakini kabla ya hapo unakuwa umechota yale maziwa mazito ya chini na kuyaweka pembeni, halafu unayarudisha. Bibi aliyaita mbegu. Ukimimina maziwa mapya juu ya mbegu, kesho yake yameganda, mazito, yanang'aa. Bila mbegu, alisema, unatunza uchafu tu.

Baba alipokiona kibuyu kile kinashushwa garini, alinyamaza kama mtu aliyeona nyoka kanisani. Kwa mtu mwingine yeyote angesema. Kwa mama mkwe angesema nini, na kwa mdomo wa nani? Akatafuta suluhu kwa upande wa maziwa. Alimwambia mama kwamba maziwa mabichi yana kifua kikuu na homa za ng'ombe, na kwamba nyumba yake haitakunywa maziwa ambayo hayajachemka. Bibi akakubali bila ubishi. Kwa hiyo kila asubuhi maziwa ya mchuuzi wa baiskeli yalichemshwa hadi yakafura, yakapoa hadi vuguvugu, ndipo yakaingia kibuyuni. Baba alijiona ameshinda. Yeye mwenyewe hakuyagusa hata tone, tangu siku ya kwanza.

Hakuna aliyefikiri, wala mimi, kwamba kwa kuyachemsha tulikuwa tumeua kila kilichokuwa ndani ya maziwa, kibaya na kizuri, na kwamba kilichoyagandisha sasa ni kile kilichokuwa kinaishi kibuyuni tu.

Halafu bibi akajikata mguu. Alikuwa analima matuta yake ya viazi katikati ya mawe nyuma ya nyumba, jembe likateleza. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo. Lakini miaka ile maduka ya dawa yalikuwa yamechipua kila kona kama uyoga, Mabatini peke yake ungeweza kununua dawa ya chochote kutoka kwa mtu aliyekuwa anauza viatu jana, na jirani yetu mmoja mwenye huruma akamletea bibi vidonge vya rangi mbili. Bibi alimeza kimoja leo, kimoja keshokutwa, na kingine akakipasua akanyunyiza unga wake juu ya kidonda, kama walivyokuwa wakifanya watu wote niliowajua. Alituficha ule mguu chini ya khanga. Baba asingeweza kuuona hata kidogo. Mkwe haangalii mguu wa mama mkwe. Tulipokuja kujua, ulikuwa umevimba hadi gotini, unawaka moto, na bibi anaweweseka Kisukuma.

Hospitali wakampiga sindano za masaa, zile za nguvu, usiku na mchana, wakambadilishia dawa na kumwongezea nyingine. Mama akahamia huko kumuuguza. Mimi nikawa mtu wa njiani, uji kwenda, vyombo kurudi. Nilikuwa na hofu ya kweli, maana bibi ndiye aliyekuwa rafiki yangu katika nyumba ile. Lakini mguu ukanywea, homa ikashuka, akaanza kumgombeza muuguzi, na tukajua anarudi.

Baba hakuwa amemtembelea zaidi ya kusimama mlangoni mwa wodi na kuulizia. Hakuweza kumshika mkono, hakuweza kumlisha, hakuweza hata kumwambia pole bila kupitia kwa mtu. Basi mapenzi yake yote yakashukia kwenye ufagio. Siku ya kuamkia bibi kuruhusiwa, nilirudi kutoka hospitali nikakuta nyumba nzima imelowa. Amesugua sakafu ya chumba cha bibi, amechemsha mashuka, amepiga chokaa ukuta. Na juu ya kamba ya nguo, kikiwa kimefungwa kwa kitambaa safi, kinaning'inia kibuyu. Kimekuwa cha kahawia. Sikujua kama kibuyu kile kilikuwa cha kahawia.

"Baba," nikasema. "Umefanya nini?"

"Mgonjwa anakuja, mama. Mwili wake hauna nguvu. Kile chombo kilikuwa hatari." Akakishusha akanionyesha kwa fahari. "Klorini kutwa nzima. Kisha maji ya moto. Kisha jua. Nusa."

Nikanusa. Kilinuka wodi.

"Mama atakuua," nikamwambia.

"Watafurahi wote wawili, yeye na bibi," akasema, na alisema kwa uso mweupe kabisa, wa mtu aliyefanya wema.

Mama hakufurahi. Alikinusa kibuyu mara moja tu, akakaa chini kwenye ngazi, akamtazama baba. "Bwana afya," alimwambia. Hakuwahi kumwita hivyo kabla, na halikuwa jina la sifa. Akachemsha maziwa, akayapoza, akayamimina humo akiomba Mungu. Kesho yake yalikuwa maziwa yale yale. Keshokutwa yalianza kuvutika kama ute na kutoa harufu iliyomfukuza paka. Akamwaga, akajaribu tena, yakaharibika tena.

Yangekuwa mambo ya kuchekwa tu kama bibi angekuwa anakula. Hakuwa anakula. Mguu umepona, tumbo limeharibika. Linamuendesha kutwa, mdomo mchungu, kila anachopelekewa anakisukuma. Uji, hapana. Supu ya sato, hapana. Ndizi za baba zilizopikwa laini, alizitazama kwa upole na kuzirudisha. "Nipeni maziwa yangu," alisema, "nitakula na ugali." Mama alimdanganya kwamba bado hayajaganda. Bibi alikuwa amekonda, macho yamezama, lakini pua yake ilikuwa nzima.

"Mjukuu wangu," akaniita siku hiyo, baba akiwa kwenye kigoda chake nje ya pazia. "Muulize baba yako. Alipokuwa ananisafishia chumba, alinioshea na kibuyu?"

 Upande wa pili kikasikika kikohozi kidogo, si kile cha kuingilia uani.

"Mwambie bibi yako ndiyo," baba akasema.

"Mwambie asante kwa chokaa," bibi akajibu, akageukia ukutani.

Tulimpeleka kufungwa kidonda, baba mbele kwenye teksi, bibi na mimi nyuma. Daktari alikuwa dada mmoja kijana mwenye sauti ya chini. Aliutazama mguu akaridhika, akalitazama tumbo hakuridhika. Baba, akiwa amesimama mlangoni, kwa kuwa walikuwa watu wa kazi moja, akamuuliza ni kijidudu gani kimemwingia mgonjwa, akitajiwa atajua pa kukitafuta.

"Labda hakuna kilichoingia, mzee," daktari akasema. "Labda vimetoka. Tumboni mwa mtu kuna vijidudu vingi mno, na vingi havina ubaya. Vinasaidia kusaga chakula, na vinajaza nafasi ili vibaya vikose pa kukaa. Ngozini vipo, mdomoni vipo. Mtoto akizaliwa tu, anaanza kuvipata. Sasa dawa tulizompa bibi ni kali, na ilibidi, mguu ungeondoka. Lakini dawa haichagui. Imefagia vyote."

Nilimtazama baba. Nilijua anafikiria kibuyu kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiria. Alikuwa amesoma habari hizo chuoni, aliniambia baadaye, alijibia mtihani. Hakuwahi kufikiri kwamba zinahusu nyumba yake.

"Vitarudi?" akauliza, taratibu.

"Vinarudi vyenyewe, pole pole, mtu akila. Mpeni maji ya chumvi na sukari, na chakula chochote atakachokubali. Anapenda nini?"

"Mtindi," nikasema mimi.

"Basi mpeni mtindi, ilimradi uwe safi. Asipokula mpaka wiki iishe, mleteni nimlaze nimtundikie maji."

Bibi alikuwa anasikia. Aliongea Kisukuma, na hakuongea kwa hasira. Alisema wodini harudi tena. Kama ni kulala na mpira mkononi, wampeleke Misungwi akalale karibu na mume wake. Mama alipoambiwa jioni ile alilia, na mimi nikalia, na baba akatoka nje akasimama karibu na mtungi wake wa maji kwa muda mrefu bila kuukagua.

Kesho yake akaenda mjini, kwenye yale maduka mapya yaliyokuwa yanajaa vitu vya nje, akarudi na vikombe vya plastiki vya mtindi wa rangi ya waridi, wenye picha ya tunda ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliona. Bibi alilamba kijiko kimoja. "Muulize baba yako," alisema, "nani kaiyeyusha pipi?" Mtindi wa mtaani uliouzwa kwenye ndoo, baba hakutaka kuusikia, na safari hii hata mama alikuwa upande wake. Mgonjwa vile, kipindupindu bado kipo mjini, maziwa hujui yametoka wapi wala yamechanganywa na maji gani.

Ndipo mama akamkumbuka mdogo wake. Mama mdogo aliolewa huko huko Misungwi, na siku ya kutolewa kwao bibi alimchotea mbegu ya kibuyu hiki hiki akaenda nayo kwake. Kama hakuiacha ikafa, ilikuwa bado inaishi.

"Lakini maziwa yao wanachemsha?" baba akauliza.

"Nenda kamuulize shemeji yako," mama akasema.

Basi tukaenda, baba na mimi. Kabla ya kuondoka alitoa chupa yetu kubwa ya chai akaimwagia maji ya moto, akaikung'uta, kisha nikamwona mkono wake unanyoosha kuelekea kopo la klorini.

"Baba!"

Akaurudisha mkono kama mtoto aliyekamatwa na sukari. "Mazoea," akasema.

Tulipata nafasi kwenye lori la mmoja wa wale wanunuzi binafsi wa pamba waliokuwa wameanza kuzunguka vijijini na mizani zao. Mama mdogo alitupokea kwa kicheko kilichosikika mpaka kwa jirani. Kwa mama mkwe baba alikuwa na pazia; kwa shemeji hakuwa na ulinzi wowote, maana shemeji ana ruhusa ya kutania apendavyo. Aliposikia kilichotokea alishika kiuno, akalia machozi ya kucheka.

"Mume wangu Mhaya! Umekifanyia kibuyu cha mama ubatizo wa Kilutheri!"

"Shemeji, mama hali."

Akaacha kucheka. Akaingia ndani akatoka na kibuyu chake, cheusi kama kilivyokuwa kile chetu, akakizibua. Harufu ile ikatoka. Sikutegemea kwamba ningelia kwa harufu, lakini nililia.

"Maziwa yenu mnachemsha?" baba akauliza. Hakuweza kujizuia.

"Wewe si ndiye ulisimama kwenye harusi yangu, watu wana njaa, ukatuhubiria kifua kikuu cha ng'ombe?" mama mdogo akasema. "Watu wote walicheka. Mimi nilichemsha. Nachemsha mpaka leo, na mama mkwe wangu ananisema mpaka leo."

 Baba alinawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, akaifuta, akaishika chupa kwa mikono miwili, na shemeji yake akamimina.

Kurudi tulipanda lori jingine. Dereva alikuwa kijana mchangamfu, akataka kuiweka chupa nyuma ya kiti ili baba akae vizuri. Baba akakataa, akaipakata mapajani.

"Kuna nini humo, mzee?"

"Vijidudu," baba akasema.

Dereva akasogea mlangoni. "Vya kwenda kupima?"

"Vya kwenda kunywa."

Kijana yule hakuongea tena mpaka Igogo. Mimi nilitazama nje dirishani nikiuma khanga. Kwenye kila shimo baba aliinua chupa juu kidogo ili isitikisike, yeye mwenyewe akagonga kichwa.

Mama alikuwa ameshachemsha maziwa. Kibuyu alikuwa amekisuuza kwa maji ya moto siku zote zile na kukianika mpaka harufu ya wodi ikaisha. Mbegu ikaingia, maziwa yakafuata, kibuyu kikafunikwa na kufungwa blanketi. Baba alipita hapo mara nyingi kuliko alivyokuwa na sababu ya kupita. Asubuhi mama alipokiinamisha, hakikutoa kitu mara moja. Kilisita, kisha kikaachia pande zito, jeupe, linalong'aa.

Nilimpelekea bibi kwenye bakuli lake. Alinusa kwanza. Alikunywa kidogo, akaweka bakuli gotini, akafumba macho, nikaogopa. Kisha akamaliza lote. Akaniambia nimwambie mama asonge ugali.

Nje ya pazia kigoda kililia. Baba alikuwa amekaa hapo tangu alfajiri, na kazini alikuwa amechelewa kwa mara ya kwanza katika maisha niliyomjua.

"Mwambie baba yako," bibi akasema, "kimepona."

"Mwambie bibi yako nimesikia."

"Mwambie kuanzia leo atakiosha yeye. Ana mikono safi."

  Nilichungulia pembeni ya pazia nikamkuta baba ameinamisha kichwa, anafuta miwani kwa lile shati lililopigwa pasi.

"Na umtilie maziwa," bibi akaongeza. "Kwenye kikombe chake mwenyewe. Najua hapendi vya watu."

Nikachukua kikombe cha baba, kile ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukitumia, nikakijaza kutoka kibuyuni, nikampa. Alikitazama. Nilijua kila kitu kilichokuwa kinapita kichwani mwake, na kila kitu hicho kilikuwa hai, na hakikuhesabika. Kisha akanywa.

"Amekunywa?" bibi akauliza, bado ameupa uso ukuta.

"Amekunywa, bibi."

"Yote?"

Baba akageuza kikombe juu chini kunionyesha. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aoe, hakusubiri mtu ampelekee maneno. Alikohoa kidogo na kusema kuelekea kwenye pazia, "Yote, mama. Naomba na mengine."